Takataka za Shambani Zina Mwenyewe

Ndugu mkulima, ukipita leo karibu na boma la jirani yako utaona mahindi mazuri, ng'ombe wa gredi na nyumba ya mabati. Lakini nyuma ya jiko kuna nini? Mara nyingi ni lundo la maganda, majivu, plastiki, nepi, mikebe na vipande vya chupa, na kuku wanaparura katikati. Kabla hujamcheka jirani, nenda ukatazame nyuma ya jiko lako.

Wako wasemao kwamba takataka ni shida ya watu wa mjini. Maneno hayo yalifaa zamani, wakati maziwa yalipokaa katika kibuyu na mzigo ulipofungwa kwa majani ya mgomba. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku katika Kenya, lakini chupa za soda, pakiti za sabuni na karatasi za plastiki za mkate bado zaingia nyumbani kila siku, wala haziozi.

Tena katika skimu nyingi hakuna lori linalopita kuzoa taka. Tangu mwaka 1962, mpango wa ekari milioni moja ulipoanza, kila aliyepewa shamba alionyeshwa mipaka yake. Kilicho ndani ya mipaka ni chako. Basi takataka zilizo ndani ni zako pia.

Mtu anayezitupa korongoni au mtoni hakuzimaliza, amempelekea mwenzake aliye chini. Mvua ikinyesha zitaziba mfereji, au zitafika mahali mtoto wa mtu anapochota maji. Kumbuka kwamba nawe una jirani aliye juu yako.

Hasara yake ni kubwa. Ng'ombe akimeza plastiki yenye chumvi au mabaki ya chakula, haisagiki. Hubaki tumboni na kuongezeka kidogo kidogo, mpaka mnyama anakonda, maziwa yanapungua, na mwisho huweza kufa. Nao nzi, penye joto, hutoka yai hadi kuruka kwa muda wa siku kumi au pungufu, kisha hutoka kwenye uchafu wakatua katika sahani ya mtoto.

Dawa yake ni kutenganisha. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yataka hivyo, lakini hata bila sheria faida ni yako. Weka madebe mawili jikoni, moja la vinavyooza na moja la visivyooza.

Vinavyooza ni mali. Maganda, majani, mabua na samadi, vikipangwa tabaka kwa tabaka, vikimwagiwa maji kidogo, vikafunikwa na kugeuzwa mara kwa mara, huwa mbolea nzuri baada ya miezi mitatu hivi. Anayetupa maganda kisha akaenda dukani kununua mbolea yote anayohitaji, amelipa mara mbili. Lakini usitie humo viazi au nyanya zilizonyauka kwa ugonjwa, maana utaurudisha ugonjwa shambani.

Vile visivyooza visichomwe. Moshi wa plastiki una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mama na mtoto aliye mgongoni. Chupa za plastiki na vyuma kuukuu viweke pakavu, wako wanaovinunua. Betri zilizokwisha zisitupwe motoni wala chooni. Vigae na nepi vichimbie shimo upande wa chini wa kisima na mbali nacho, ukafukie kwa udongo kila mara.

Mikebe ya dawa za mimea ni jambo la pekee. Suuza mkebe mara tatu, maji yake uyatie katika pampu uyanyunyize shambani, kisha utoboe mkebe ili asiwepo wa kuutilia maji ya kunywa au mafuta ya taa. Uufungie mbali na watoto, na umuulize aliyekuuzia dawa, au afisa wa kilimo, mahali inapokusanywa.

Sasa nasema neno ambalo wanaume wengine hawatalipenda. Kazi hii si ya mama peke yake. Bwana ndiye mara nyingi anunuaye dawa na betri, naye ndiye autupaye mkebe ukingoni mwa shamba. Anayejua kununua na ajue kuondoa.

Yako pia mambo yanayomshinda mtu mmoja. Chama cha ushirika kiwezacho kukusanya maziwa kila asubuhi hakishindwi kuchagua siku moja ya mwezi, wanachama walete visivyooza mahali pamoja, wachange fedha za gari, na wadai serikali ya kaunti ionyeshe mahali halali pa kuvipeleka. Jambo hili liingizwe katika ajenda ya mkutano ujao, nawe uwe mtu wa kulitaja.

Lakini usingoje mkutano ndipo uchukue jembe. Shimo la mbolea huchimbwa kwa siku moja, na maganda ya chakula cha leo jioni yawe ya kwanza kuingia humo.