Cheti Cha Ukutani Hakipiki Ugali

Kampuni ya unga ikijigamba kwamba ina cheti cha ISO 22000, usitosheke hapo. Cheti hicho kinasema kiwanda kina mfumo wa kudhibiti hatari za chakula. Hakisemi kwamba pakiti uliyoshika imepimwa. Tena ISO yenyewe haitoi vyeti. Hutolewa na wakaguzi wanaolipwa na kiwanda kilekile wanachokikagua!

Mfumo ukifuatwa ni mzuri: mahindi yanapimwa unyevu, yasipite asilimia 13.5, na yanapimwa sumu ya aflatoksini kabla ya kusagwa. Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Novemba 2019, KEBS ikapiga marufuku chapa 5 za unga uliokuwa tayari madukani.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinatupa haki ya bidhaa bora na haki ya kupewa habari. Basi tuidai. Viwanda vituonyeshe majibu ya vipimo vya kila shehena, sio picha ya cheti. Anayelipa na anayeugua ni wewe, kwa nini usiambiwe?