Akiba ya Mwili: Kwa Nini Chanjo Hulinda Hata Kirusi Kinapobadilika



Kuna neno linalorudiwa sokoni, katika mikutano ya jumuiya na hata mlangoni pa kanisa baada ya misa: «Fulani alichanjwa, na bado akaugua Covid. Basi chanjo ina faida gani?» Neno hilo halisemwi na wajinga. Linasemwa na watu walioona kwa macho yao jirani aliyechanjwa akipatwa na homa na kikohozi. Kwa hiyo halistahili kejeli, lastahili jibu. Nasi tunaona kwamba jibu lipo, na kila kijana aliyesoma biolojia katika shule ya sekondari aweza kulielewa na kuwaeleza wazazi wake.

Hoja yetu ni hii. Waliosema kwamba chanjo ya Covid hufunga mlango kirusi kisiingie kamwe walivuka mpaka wa ukweli. Waliosema kwamba haina kazi yoyote walikosea zaidi. Kazi yake kubwa ni kuzuia ugonjwa mkali na kifo. Na kirusi kinapobadilika sura, sehemu muhimu ya kazi hiyo hufanywa na walinzi wasiotajwa sana: seli T.

Tuanze na walinzi wanaojulikana. Mtu akichanjwa, mwili wake hutengeneza kingamwili, vitu vidogo vinavyoelea katika damu na majimaji ya mwili. Kingamwili hukishika kirusi kabla hakijaingia ndani ya seli, hasa kwa kuziba ule mwiba ambao kirusi hutumia kama ufunguo. Zikiwa nyingi na zikiufahamu mwiba huo vizuri, mtu anaweza asiambukizwe kabisa. Lakini zina udhaifu wa namna mbili. Kwanza, hupungua miezi inavyopita. Pili, hushika sehemu chache tu za mwiba. Sehemu hizo zikibadilika, mikono yao huteleza.

Seli T hufanya kazi kwa njia nyingine. Ni chembe nyeupe za damu zinazolelewa katika tezi iitwayo timusi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua; herufi T imetoka kwenye jina la tezi hiyo. Humo hupitia mtihani mkali kuliko mtihani wetu wa serikali: nyingi hufa bila kufuzu, maana mwili hauziruhusu seli zisizotambua kitu, wala zile ambazo zingeushambulia mwili wenyewe. Zilizofuzu huzunguka zikikagua. Kirusi kinapoingia ndani ya seli ya pafu, seli hiyo hukata protini za mvamizi vipande vifupi na kuvionyesha kwenye ngozi yake ya nje, kana kwamba yasema: «Tazameni, ndani yangu kuna mgeni.» Seli T za kundi la CD8 hukitambua kipande hicho na kuiua seli iliyoambukizwa kabla haijazaa virusi vingine. Za kundi la CD4 huwa kama viongozi wa kwaya: huziamsha zile za CD8, na kuzisaidia seli nyingine kutengeneza kingamwili bora.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo letu. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliutangazia ulimwengu aina mpya ya kirusi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipa jina la Omicron. Mwiba wake ulikuwa umebadilika mahali zaidi ya 30. Huko Durban, maabara ya Alex Sigal ilipima damu ya watu waliopata dozi mbili za chanjo ya Pfizer, ikakuta kwamba nguvu ya kingamwili zao dhidi ya Omicron imeshuka mara 22 ikilinganishwa na kirusi cha mwanzo. Habari hiyo ilitia hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu.

Lakini wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwiba wa kirusi umejengwa kwa mnyororo wa viungo 1,273. Mabadiliko ya Omicron, ingawa yalikuwa mengi kuliko ya aina zilizotangulia, yaligusa viungo thelathini na kitu. Kingamwili zenye nguvu zilipoteza shabaha kwa sababu mabadiliko yaliangukia palepale zinaposhikilia. Seli T hazitegemei mahali pamoja. Zinasoma vipande vifupi kutoka sehemu nyingi za mnyororo, na vingi vya vipande hivyo vilibaki kama vilivyokuwa. Zaidi ya hayo, kila mmoja wetu amerithi kwa wazazi wake namna yake ya kuonyesha vipande hivyo. Kirusi kikibadilika kiasi cha kuiponyoka seli T ya mama Kinshasa, bado kitanaswa na seli T ya jirani yake. Ni vigumu sana kuwakwepa wote kwa pamoja.

Haya hayakubaki maneno ya vitabuni. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kundi la watafiti akina Catherine Riou na Wendy Burgers lilichunguza damu ya watu waliochanjwa na ya watu waliopona Covid. Lilikuta kwamba asilimia 70 hadi 80 ya mwitikio wa seli T dhidi ya mwiba ilibaki ikifanya kazi mbele ya Omicron. Nchini humohumo, uchunguzi mwingine ulitazama watu waliopata dozi mbili za Pfizer. Kabla ya Omicron, chanjo iliwakinga na kulazwa hospitali kwa asilimia 93. Omicron ilipoenea, kinga hiyo ilikuwa asilimia 70. Ilishuka, ndiyo, lakini haikuanguka kama kingamwili zilivyoanguka. Hatusemi kwamba seli T peke yake ndizo zilizofanya kazi hiyo yote. Mwili una walinzi wengi wanaosaidiana. Tunasema kwamba watu wengi waliambukizwa bila kufika kitandani pa hospitali, na seli T ni sehemu ya maelezo ya jambo hilo.

Tena akiba haiozi. Mwaka 2020 watafiti wa Singapore waliwapima watu waliokuwa wamepona ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003, ambao ni binamu wa Covid. Miaka 17 ilikuwa imepita, lakini seli T zao bado zilikikumbuka kirusi kile. Kingamwili ni kama fedha ya mfukoni, hutumika na kupungua. Seli T za kumbukumbu ni kama fedha iliyowekwa katika sanduku la shirika, haionekani kila siku bali siku ya shida hutolewa.

Ukweli hauna budi kusemwa wote. Seli T hazizuii maambukizo, kwa sababu huanza kazi pale seli ya mwili inapokuwa imeshavamiwa. Ndiyo maana jirani yule aliyechanjwa alipata homa na kikohozi, akapona nyumbani. Ugonjwa wake haukuwa ushahidi kwamba chanjo ilishindwa. Pengine kupona kwake ndiko kulikuwa ushahidi, ila kupona hakutangazwi sokoni. Aidha, akiba hii hailingani kwa watu wote. Timusi hunywea kadiri mtu anavyozeeka, na mwili wa babu hujifunza polepole kuliko wa mjukuu. Mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa hupoteza hasa zile seli za CD4. Hao ndio wanaohitaji dozi za nyongeza zaidi ya wengine.

Wengine hutuuliza: «Mbona Wakongomani wengi walipata seli T kwa kuugua tu, bila sindano?» Ni kweli, kuugua nako hufundisha mwili. Lakini ada ya shule hiyo ni kubwa, na hulipwa na watu wasiochagua kujiandikisha. Kijana hulipa kwa siku mbili tatu za homa. Nyanya anayelala chumba cha pili, mwenye shinikizo la damu au kisukari, huweza kulipa kwa uhai wake. Chanjo hutoa somo lilelile bila kumlipisha nyanya.

Kwetu Kongo jambo hili lina uchungu wake. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa Machi 10, 2020. Machi 2, 2021 zikafika dozi milioni 1.7 za AstraZeneca. Uzinduzi ukaahirishwa baada ya nchi kadhaa za Ulaya kusimamisha chanjo hiyo ili kuchunguza visa vya damu kuganda, na kazi ikaanza Aprili 19. Kwa kuwa muda wa matumizi ulikuwa unakwisha na watu wachache walijitokeza, takriban dozi milioni 1.3 ziliachwa ziende nchi nyingine. Mwishoni mwa mwaka huo, hata mtu mmoja katika kila mia hakuwa amekamilisha chanjo. Dunia ilituletea dozi kwa kuchelewa, na hilo ni dhuluma inayopaswa kusemwa. Lakini hata zile zilizofika, uvumi ulizifukuza.

Na uvumi haufi na ugonjwa ulioubeba. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya Covid Mei 5, 2023, lakini sauti zilezile zilizosema «chanjo ni sumu» zaweza kusikika leo mama anapompeleka mtoto kuchanjwa surua, au wauguzi wanapoleta chanjo ya mpox. Hatupaswi kusahau kwamba surua iliua watu zaidi ya 6,000 nchini mwetu katika mlipuko ulioanza mwaka 2019, wengi wao watoto. Wala hatupaswi kusahau kwamba katika Kivu Kaskazini na Ituri watu zaidi ya 300,000 walichanjwa dhidi ya Ebola, katika mapambano yaliyoongozwa na mwana wa nchi hii, Profesa Jean-Jacques Muyembe, na kwamba mlipuko ule ulitangazwa kwisha Juni 25, 2020. Nchi hii inajua gharama ya kukosa chanjo, na inajua pia matunda yake.

Basi tunawaomba nini? Hatuwaombi mkimbilie sindano kila mwezi. Tangu Machi 2023 Shirika la Afya Duniani limeshauri dozi za nyongeza ziwaendee kwanza wazee, wenye magonjwa ya kudumu, wenye kinga dhaifu, wajawazito na wahudumu wa afya. Kijana mwenye afya njema hayumo katika mstari wa mbele. Tunawaomba jambo lililo gumu zaidi: muwe mashahidi wa ukweli uliopimwa. Msiahidi kile ambacho chanjo haiwezi, maana ahadi iliyozidi huzaa uongo wa kesho. Wala msinyamaze uvumi unapopita katika simu zenu, maana atakayeuamini ni mama yenu. Agosti 2021 Papa Fransisko alisema kwamba kuchanjwa ni tendo la upendo. Kumweleza babu kwa upole, kwa maneno anayoyaelewa, kisha kumsindikiza hadi kituo cha afya, nako ni upendo.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Ni uvumi gani kuhusu chanjo unaosikika zaidi katika mtaa wetu, na ni nani aliyeumia kwa sababu yake?

2. Tukimwambia mzee kwamba chanjo haizuii kila homa bali huzuia kifo, atatuamini zaidi au kidogo? Kwa nini?

3. Ni wazee na wagonjwa gani wa jumuiya yetu wasio na mtu wa kuwasindikiza hadi kituo cha afya, na nani kati yetu atakwenda nao?