Daftari la Wiki: Mizinga ya Mti

Mpwa wangu amekuja Katandala likizo na boksi la ndege ya plastiki ya kuunga mwenyewe. Ni Gloster Gladiator, ndege ya kivita ya Waingereza ya miaka ya 1930, ile ya bawa juu ya bawa. Kipimo 1:72. Ya kweli ilikuwa na mita 9.8 hivi kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Hii haifiki sentimita 14.

"Mjomba, bawa la pili la nini?" Nikamweleza kwamba injini za zamani zilikuwa dhaifu, na bawa moja jembamba likirefushwa sana hupinda. Ukipanga mabawa mawili na kuyafunga kwa nguzo na nyaya, unapata eneo kubwa la kubebwa na hewa bila kuongeza uzito mwingi. Watoto wa mtaani, ambao magari yao ni ya mabua na waya, walielewa kabla yake.

*

Gladiator ina undugu wa mbali na Dar es Salaam. Roald Dahl, kabla ya kuwa mwandishi wa vitabu vya watoto, alifanya kazi huko katika kampuni ya mafuta ya Shell. Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujifunza urubani kwenye Tiger Moth, nayo bawa juu ya bawa. Septemba 1940 Gladiator yake ilianguka katika jangwa la Misri akavunjika fuvu.

*

Baridi ya hapa Ufipa imechelewesha gundi ya modeli kukauka. Afadhali yetu. Mwaka 1915, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ndege za Sopwith zilizoletwa na Waingereza kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, zilishindwa na joto: gundi ya mbao ililegea, na injini zikakosa nguvu katika hewa ile. Zikaja nyingine, Caudron na Henri Farman, zikiruka kutoka kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai rubani na mwenzake walikuwa angani wakielekeza mizinga ya meli za Waingereza Severn na Mersey, siku Königsberg ilipoisha. Ndege yao pia ilitunguliwa, wakapona.

*

Ndege iliyo yetu zaidi sijaiona kwenye boksi lolote: Short 827, bawa juu ya bawa yenye maboya badala ya magurudumu. Wabelgiji waliazimwa nne na Waingereza. Zilipanda Kongo kwa treni na meli, zimefungashwa vipandevipande, zikaungwa kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Juni 1916 zikaanza kudondosha mabomu Kigoma, zikiilenga meli Graf von Götzen, hii tunayoiita Liemba. Mzinga mkubwa wa meli hiyo, uliotolewa kwenye Königsberg, ulikuwa umeshaondolewa kwenda kupigana nchi kavu. Mahali pake Wajerumani walisimamisha mzinga wa mti.

Mwezi huohuo, Kasanga, wakati ule ikiitwa Bismarckburg. Kamanda Mwingereza Spicer-Simson, aliyesafirisha boti Mimi na Toutou kutoka Afrika Kusini hadi ziwani, alifika mbele ya boma, akaona mizinga imeelekezwa majini, akageuza. Wajerumani wakapata usiku wa kutoroka kwa mitumbwi. Askari waliotoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini walipoingia bomani, walikuta mizinga iliyomfukuza kamanda ni ya mti.

Modeli, basi, tena ya kipimo 1:1, hapa hapa mkoani kwetu. Mashabiki wa maboksi hubishana hadi usiku kuhusu rangi halisi ya bawa fulani. Seremala wa Kasanga alihitaji ifanane tu kwa mtu anayetazama kwa darubini kutoka majini. Kamanda alipewa nishani ya Kiingereza ya DSO kwa ushindi wa awali ziwani. Kwa siku ile ya Kasanga, mimi ningempa seremala.