Mtoto Asiyeitika Jina Lake

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya watoto ambao katika mitaa yetu ya Manika na Dilala hutajwa kwa sauti ya chini. Mtoto ana miaka minne, mwili wake mzima, uso wake mzuri, lakini haneni. Mama humwita, naye hageuki. Akipata vizibo vya chupa huvipanga mstari mmoja tangu asubuhi hata adhuhuri, na mtu akikiondoa kimoja tu hulia kana kwamba amefiwa. Baruti za mgodi zikilia, au ngoma za arusi, huziba masikio na kujigonga kichwa ukutani. Jirani humtazama mtoto, kisha humtazama mama, kisha maneno huanza.

Maneno hayo twayajua sote. Husemwa ya kwamba mtoto ni mchawi, au ya kwamba jamaa fulani amemtoa akili kwa ajili ya mali; na katika mji kama Kolwezi, ambamo mtu aweza kutajirika kwa kobalti katika mwezi mmoja na kufilisika katika mwezi wa pili, usemi wa namna hii hupata wasikizaji upesi. Baba naye mara nyingi husema ya kuwa katika ukoo wake jambo hilo halijaonekana kamwe, maana yake limetoka kwa mama. Tena hufunga mizigo yake.

Hali hiyo ina jina lake. Wafaransa huiita otisme, nao Waswahili wa Kenya na Tanzania siku hizi huiita usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu, wala si ukaidi. Ni namna ubongo unavyokua, tangu mtoto akiwa bado mdogo sana, hata akasikia, akaona na kuwaelewa watu kwa njia isiyo ya wenzake. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria ya kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na hali hiyo. Wanaosema ni maradhi ya Wazungu na wajue ya kuwa mtaalamu Victor Lotter alizunguka katika nchi kadhaa za Afrika, Zambia jirani yetu ikiwamo, na mwaka 1978 alitangaza ya kwamba watoto hao aliwakuta.

Habari hii si ya kuchezea. Mwaka 2010 UNICEF ilitoa taarifa juu ya watoto wanaoshtakiwa uchawi katika Afrika, na nchi yetu imetajwa humo sana. Miongoni mwa wanaoshtakiwa wamo wenye kifafa, wenye kigugumizi, watoto wanyamavu wapendao kukaa peke yao, na wenye usonji wametajwa waziwazi. Twajua pia yanayofuata: mtoto hufungishwa siku nyingi bila chakula, hutiwa pilipili machoni, hupigwa ili pepo atoke. Na huyu asiyeweza kunena atajiteteaje? Mwenzake aliyeshtakiwa aweza angalau kukana. Yeye hunyamaza, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ni kukiri.

Sheria imekwisha kusema juu ya jambo hili, ingawa wachache wameisikia. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi. Tena sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto yasema, katika kifungu cha 160, ya kwamba amshtakiye mtoto hivyo atafungwa mwaka mmoja hadi mitatu, na kutozwa faranga za Kongo 200,000 hadi 1,000,000. Haikumtenga mchungaji, wala mjomba, wala mwanakwaya wetu ambaye Jumapili yuko misani na Jumatano usiku yuko kwa mwaguzi.

Lakini tusidhani ya kuwa upuuzi ni wa wasiosoma tu. Wasomi wa Ulaya na Marekani walimlaumu mama kwa muda mrefu. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alieneza wazo la kwamba mtoto hujifungia ndani yake kwa sababu mama hampendi. Bernard Rimland, aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto wa namna hiyo, alikuwa amekwisha kupinga wazo hilo kwa kitabu mwaka 1964, ila wengi walichelewa kumsikiliza. Mama aliyeambiwa na daktari ya kwamba hakupenda, na mama aliyeambiwa na jirani ya kwamba amezaa mchawi, machozi yao ni mamoja.

Halafu mwaka 1998 mwanachuoni mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika juu ya watoto 12 na kuishuku chanjo ya surua. Gazeti la waganga lililochapa maandishi yake liliyafuta mwaka 2010, naye mwaka uo huo akanyang'anywa ruhusa ya kuganga. Huko Denmark watoto zaidi ya 650,000 walifuatiliwa, na mwaka 2019 ikatangazwa ya kuwa chanjo haina hatia. Mwaka huo huo surua ilikuwa ikituchinjia watoto: mpaka ilipokoma mwaka 2020, zaidi ya 7,000 walikuwa wamekufa katika Kongo. Mzazi anayekwepa chanjo kwa kuogopa usonji amekimbia kivuli akaingia motoni.

Wengi hapa hutuuliza juu ya vumbi la migodi. Swali lao ni la haki. Utafiti wa Lubumbashi uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha ya kwamba kasoro za mwili za kuzaliwa nazo huonekana zaidi kwa watoto ambao baba zao hufanya kazi zihusuzo migodi. Lakini utafiti ule haukuhusu usonji, wala haifai kuuvuta hadi huko. Tuyadai makampuni hewa safi na maji safi kwa yale yaliyothibitika. Hayo peke yake ni mengi.

Sasa twapenda kuwasimulia habari za mtoto mmoja. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa mji wa Baltimore huko Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wenye hali hii. Wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest katika Mississippi. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi walishauriwa kumpeleka mbali katika nyumba ya matunzo. Baada ya mwaka mmoja hivi wakamrudisha. Baadaye akakaa shambani kwa mkulima na mkewe. Mtoto alipenda mno kupima vitu: wakampa kuchimba kisima na kuwaambia kina chake. Alihesabu mistari ya mahindi bila kukoma: wakamwacha aihesabu huku akiilima. Vitabu vya kuwafundisha haya havikuwako bado. Donald alimaliza chuo, akafanya kazi katika benki ya mjini kwao, akaendesha gari, akatembelea nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Si wote watakaofika huko. Wako wasionena maisha yao yote, na wahitajio kulishwa na kuogeshwa wakiwa watu wazima. Dawa ya kuiondoa hali hii haiko, na anayeiuza ni mwizi.

Mzazi amwonaye mwanawe haitiki jina akiwa na mwaka mmoja, au hanyoshi kidole kuonyesha kitu akiwa na mwaka na nusu, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, asingoje. Kwanza masikio yapimwe, maana kiziwi naye haitiki. Akianguka kifafa, hicho kina dawa zake. Mjini Lubumbashi, mwendo wa kilomita 300 hivi, Mabruda wa Karita wana kituo cha Dr Joseph Guislain cha magonjwa ya akili na ya ubongo. Aweza kuuliza huko. Nyumbani, mambo ya kila siku yafuatane kwa taratibu ile ile, maneno yawe machache, na picha zisaidie pale ambapo neno halifiki. Na kwa kuwa mtoto huyu hajali honi, mlango wa ua ulioelekea barabara ya malori ya shaba uwe na komeo la juu, asilolifikia.

Walimu wenzetu, mtoto huyo akiletwa darasani, mpeni kiti kilicho mbali na kengele.