"Si Iliwaka?"



Leo nina neno, na najua kuna watakaoninunia pale Kilindoni. Wanune tu.

Wifi yangu mdogo aliolewa. Mimi kama wifi mkubwa nikasema sitaki kwenda kwenye kichenpati na hotpoti kama watu wengine, nitampa tosta. Nikaingia duka moja hapa hapa kisiwani, nikatoa shilingi 28,000, nikapewa boksi lenye picha ya slesi za rangi ya dhahabu na mama wa Kizungu anacheka. Muuzaji akaichomeka ukutani, waya za ndani zikawa nyekundu, akasema, "Umeona dada? Inawaka." Nikaifunga kwa karatasi ya maua, nikaingia nayo ukumbini kwa vigelegele.

Siku ya nne ya ndoa, asubuhi, bi harusi anataka kumwandalia mama mkwe wake chai. Tosta ikatoa moshi, upande mmoja ukaanza kuyeyuka, na alipoigusa kuizima ikampiga shoti hadi akaangusha kikombe. Alhamdulillah ilimwachia. Mama mkwe hakugombana. Aliangalia tu akauliza, "Ndivyo vyombo vya kwenu hivi?" Aibu hiyo si ya wifi yangu, ni yangu mimi niliyenunua.

Nikarudi dukani na maiti yangu ndani ya mfuko. Jibu nililopewa ndilo lililonifanya niandike: "Dada, si iliwaka nilipokujaribia?"

Jamani. Kuwaka si kipimo. Waya wa tosta ni waya uleule ulio ndani ya pasi, wa mchanganyiko wa nikeli na kromu ambao Mmarekani Albert Marsh alipata hataza yake mwaka 1906. Ukiupitishia umeme unakuwa mwekundu wala hauungui upesi. Huo waya utawaka hata ukifungwa kwenye kopo la maziwa. Tosta nzuri na mbaya zote zinawaka. Tofauti iko kwenye vinavyoushika huo waya, kwenye kamba inayoleta umeme, kwenye plagi, na kwenye mkono unaotakiwa kujiachia wenyewe mkate ukiiva. Hayo muuzaji hakunionyesha, na mimi sikuuliza.

Mimi fundi cherehani, pasi nimezifungua nyingi. Nikaifungua na hiyo. Kamba yake nyembamba kama ya chaja ya simu. Mwili wa bati, halafu plagi ya pini mbili, maana yake hakuna waya wa ethi. Bati likigusana na waya wenye umeme, umeme hauna pa kwenda ila kwenye mkono wa mtu. Na sisi tunavyozichomeka hizo plagi za pini mbili mnajua wenyewe: kalamu ya biki kwenye tundu la juu, unasukuma, imeingia, maisha yanaendelea. Plagi ya hivyo unaweza kuichomeka huku au kule. Ikikaa kinyume, waya za ndani zinaweza kubaki na umeme hata kama mkono umepanda juu na hakuna kinachowaka. Sasa chukua kisu uanze kuchokonoa slesi iliyonasa.

Ndugu muuzaji, utaniambia hukujua. Siamini. Kamba ya namna ile wewe unaijua kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye unayerudishiwa. Na kama biashara yako ina Bismillah ukutani, basi unaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikakuta chini kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Hakumuuliza kama nafaka inalika. Alimuuliza kwa nini ameficha. Wewe ukinionyesha wekundu wa waya ukanificha wembamba wa kamba, umefanya nini tofauti?

Najua na jibu la pili, maana nimeshaambiwa: "Wateja wa Mafia hawana hela, wanataka cha bei chini." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mtu wa Dar akiuziwa kibovu Kariakoo, kesho anapanda daladala anarudi nacho. Sisi ni boti hadi Nyamisati, halafu gari hadi Dar, halafu uanze kumtafuta mtu kwenye msongamano ule. Nauli ya kwenda kulalamika inazidi bei ya tosta. Kwa hiyo anayetuuzia hapa kisiwani ndiye anayetakiwa kuwa mwangalifu mara mbili, kwa sababu anajua hatuna pa kukimbilia. TBS wana kazi yao ya viwango, na Tume ya Ushindani ina kazi yake ya kukamata bidhaa bandia, lakini hakuna ofisa atakayesimama kwenye kila rafu ya Kirongwe na Kilindoni.

Na sisi wanawake tusijifanye tumeonewa tu. Tosta ile niliichagua kwa nini? Kwa sababu ilikuwa nyekundu, na jiko la wifi lina pazia jekundu. Basi. Tunanunua cha kutajwa kwenye kipaza sauti, si cha kutumika. Nimehudhuria kichenpati bi harusi akapewa tosta tatu, na nyumbani anakoenda chai inanywewa na mihogo! Tatu! Hiyo ni israfu, na tunaifanya huku tumejitanda vizuri kabisa.

Kuna dada ataniambia tosta yenyewe ni anasa. Kwake inawezekana ni kweli, simbishii. Kama asubuhi yenu ni vitumbua, chapati au mkate wa kumimina, usinunue. Slesi mbili tatu unaziweka kwenye chuma cha chapati na siagi kidogo, zinatoka nzuri kuliko za tosta. Lakini kuna mama anayewapikia wageni chai kule Utende msimu wa papa potwe, kuna mwalimu mwenye watoto wanne wanaowahi shule, kuna nyumba inayokula boflo kila siku. Huyo kuwasha mkaa kwa ajili ya slesi ni hasara. Na wanaoogopa LUKU wapige hesabu: tosta ya wati 800 kwa dakika 3 inakula uniti 0.04. Uniti moja inachoma mara 25, yaani slesi 50. Jagi la umeme likichemsha lita moja na nusu mara moja tu, limekula kama tosta mara tatu hivi. Hatulisemi jagi, tunaisema tosta.

Sasa bei. Ya kwangu nyumbani niliinunua shilingi 65,000, wakanicheka. Iko mwaka wa tatu. Ile ya 28,000 iliishi siku nne. Nani kanunua ghali? Lakini msinielewe vibaya, bei kubwa pekee si dawa. Kuna zenye taa za bluu, matundu manne na mlio kama simu, unalipia urembo. Nyumba ya kawaida matundu mawili yanatosha, ila yawe mapana, kwa sababu mkate wetu mara nyingi tunaukata wenyewe na slesi zinakuwa nene. Slesi ikibana ndiyo inayoungua na kuwasha moto. Nyuma au chini pana kibandiko: kisome. Kiandike volti 220 hadi 240, na wati kati ya 700 na 900. Plagi iwe ya pini tatu za chuma. Iwe na kitufe cha kusitisha. Iwe na trei ya makombo inayovutika chini, la sivyo utafuga mende na sisimizi humo ndani. Mkono usipokaa chini kabla hujawasha umeme, usikatae. Nyingi zimetengenezwa hivyo, zinashikwa na sumaku ya umeme. Halafu peleka dukani slesi yako mwenyewe! Ichome hapo hapo mbele ya muuzaji. Ikiiva upande mmoja tu, au mkono ukigoma kupanda, umeokoa pesa yako. Na risiti yenye jina la bidhaa, na waranti iandikwe, isiwe ya mdomo.

Ukifika nayo nyumbani iwashe tupu mara moja dirisha likiwa wazi, mpya zote hutoa harufu kidogo. Ukimaliza kuitumia chomoa, hasa umeme ukikatika. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma, ifunike.

Za ndugu zetu walio nje nazo tuziangalie. Kitu kikitoka Oman au Dubai, volti zao ni kama zetu na plagi ni ileile ya pini tatu, karibu sana. Lakini shangazi wa Marekani akikuletea tosta, mshukuru, mpe mkono, uiweke kabatini. Ya kule ni ya volti 120. Ukiichomeka hapa inataka kuvuta nguvu karibu mara nne ya ile iliyotengenezewa. Za mtumba kutoka Japani ndiyo mbaya zaidi, ni za volti 100. Watu wanazinunua kwa sababu "ni orijino." Orijino ndiyo, ila orijino ya kwao.

Wifi yangu nimemnunulia nyingine. Sikuifunga kwa karatasi, nimempelekea na risiti na kipande cha mkate nilichokichomea dukani, mama mkwe wake akaangua kicheko.

Na kwenu wenye maduka: Jumamosi tunakuja wanawake saba wa mchezo wetu, tunataka tosta tatu. Tutakuja na boflo letu. Mnaotaka kutuuzia, fungueni maboksi mapema.