Jino Limekufa, Wadudu Wako Hai

Wasomaji wangu, niwieni radhi kwa kimya cha wiki mbili. Sikusafiri kwenda kula raha wala sikununa. Nilikuwa naumwa jino. Na si jino lolote, bali gego la juu ambalo nilishalilipia fedha nyingi katika kliniki moja hapa Mji Mkongwe. Lilisafishwa mizizi, likajazwa, nikaambiwa, “Hili limekwisha, halitakusumbua tena.”

Miaka miwili lilinyamaza kweli. Mishikaki ya Forodhani nikiitafuna kwa upande ule ule. Halafu kikaota kipele kwenye ufizi, juu ya jino. Hakiumi sana. Kinapasuka, natema maji ya chumvichumvi, kinakauka, kinarudi. Mama akaniambia, “Mwanangu, ling'oe upumzike.” Kijana wa duka la dawa kule Darajani akaniambia, “Sheikh, meza amoksilini siku tano tu.” Nikamsikiliza wa dukani, mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Safari ya nne shavu lilivimba mpaka jicho likaanza kufumba, nikapanda boti kwenda Dar.

Daktari wa kule alipiga eksirei, akanionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi. Ni mfupa ulioliwa. Gego la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu, lakini mara nyingi ndani yake mna mifereji minne. Wa nne ni mwembamba na hujificha. Wangu haukuguswa kabisa.

Nikamuuliza, mbona dawa zote zile hazikusaidia? Jibu lake lilinifedhehesha kwa urahisi wake. Vidonge husafiri kwa damu. Jino likishakufa au kutolewa nyama yake ya ndani, damu haiingii tena humo. Kwa hiyo amoksilini ilipunguza uvimbe wa nje, na bakteria waliokuwa ndani ya mfereji wakaendelea kukaa kama wapangaji wasiodaiwa kodi. Yupo mmoja anayeitwa Enterococcus faecalis, ambaye hukutwa mara kwa mara kwenye meno ambayo matibabu ya mzizi yameshindwa. Anaweza kuishi muda mrefu na njaa.

Kwamba bakteria ndio wenye kesi, hilo si jipya. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini. Panya wa kawaida waliharibikiwa na meno, lakini wale waliolelewa bila kijidudu chochote walipona, ingawa mashimo yalijaa chakula.

Sasa nisemeni vibaya mkitaka, lakini mie simlaumu daktari wa kwanza kwa kukosa mfereji. Matibabu haya mengi hufanikiwa, na hata mkono hodari huweza kukosea. Ninachomlaumu ni neno “limekwisha”. Hakunionyesha picha baada ya kumaliza. Hakuniambia kuwa gego lililosafishwa mizizi linahitaji kofia ili lisipasuke na mate yasipenye. Hakuniambia nirudi baada ya mwaka. Nililipa, nikatoka, nikadhani nimenunua amani.

Na sisi wagonjwa tusijitoe. Tumegeuza antibiotiki kuwa panadoli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema wazi kuwa maambukizi ya meno hutibiwa hasa kwa kazi ya mkono wa daktari: kusafisha, kutoa usaha, au kung'oa. Tukijitibu dukani tunawazoesha bakteria dawa, na ugonjwa unasonga. Usaha wa magego ya chini unaweza kushuka chini ya ulimi mpaka shingoni, ukaziba pumzi. Watu hufa kwa jino, jamani.

Najua pia wapo wanaosambaza kwenye simu kwamba kila jino lililosafishwa mizizi ni sumu mwilini, lingolewe. Maneno hayo yana asili. Mapema karne ya 20 Weston Price wa Marekani aliyavalia njuga, na meno mazima mengi yakang'olewa bure. Utafiti wa baadaye haukuyathibitisha. Jino lililotibiwa vizuri halina neno. Lenye maambukizi litibiwe upya au litolewe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mie ufa niliuziba, na ukuta nikajenga vile vile, kwa sababu sikuuliza umezibwaje. Wewe uliza. Omba picha ya kabla na ya baada. Uliza habari ya kofia. Kipele cha ufizi kisichouma usikidharau.

Gego langu limefunguliwa upya, na mfereji wa nne umepatikana. Daktari wa Dar amenitaka nirudi baada ya mwaka kupiga picha nyingine. Nilipomuuliza kama sasa limepona, akasema, “Tutaona.” Wallahi, kwa neno hilo moja nimemwamini zaidi.