Miaka miwili ya sertifika na nyumba za waliokimbia

Anayetafuta nyumba ya kununua Bunia huulizwa na komisioneri, yaani dalali, mambo matatu: ana dola ngapi mkononi, anataka mtaa gani, na atahamia lini. Swali la nne, ambalo lingepaswa kutangulia yote, halimo: aliyekuwa akikaa humo kabla ya vita alitokaje, na sasa yuko wapi? Mnunuzi haulizi kwa kuwa jibu laweza kumkosesha nyumba nzuri. Muuzaji hasemi kwa kuwa hajaulizwa. Shefu wa mtaa anagonga muhuri kwa kuwa amewaona watu wawili wakikubaliana mbele yake. Katika mji uliokimbiwa na kurudiwa kama huu wetu, ukimya huo una gharama, na anayeilipa ni mtu ambaye hayupo. Hoja yangu ni kwamba swali hilo liulizwe kwa lazima, na kwamba ile miaka miwili inayoifanya sertifika ya ardhi isivunjike isihesabiwe dhidi ya mtu aliyetoka kwake akikimbia risasi.

Tuanze na karatasi zenyewe. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya dola. Raia hupewa konsesioni, na iliyo bora kwake ni ile ya kudumu. Mbele ya sheria hiyo, haki juu ya ardhi huthibitishwa na sertifika ya kuandikishwa inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Wengi hawafiki huko. Kinachoitwa hati ya nyumba mitaani mara nyingi ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, vipimo vya parsele kwa mita, majirani wa pande nne, bei kwa tarakimu kisha kwa maneno, mashahidi wawili watatu wa kila upande, na muhuri wa mtaa uliolalia saini ya shefu. Ukurasa huo unaonyesha kwamba fedha zilitoka mkono mmoja zikaingia mwingine. Kama aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza, hauna la kusema. Hata hivyo ndio unaopelekwa ofisini mnunuzi anapoomba sertifika, na sertifika ikishatoka na kupita miaka miwili bila kupingwa, mwenye malalamiko hubaki na njia moja tu, ya kudai fidia.

Kanuni hiyo ina busara yake. Bila kikomo cha namna hiyo hakuna benki itakayokopesha kwa dhamana ya nyumba, na kila mjukuu angeweza kuibuka na hadithi ya babu yake. Lakini imetungwa kwa kudhani kwamba mwenye haki yuko karibu, anaona wapimaji wakipita, anasikia habari, anaweza kwenda mahakamani. Jimbo letu la Ituri limeonja kinachotokea dhana hiyo isiposimama. Taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2003 kuhusu vita vyetu ilieleza jinsi sheria ya 1973 ilivyomwezesha mtu kujipatia ardhi inayokaliwa na wengine, akatulia mpaka muda wa kupinga ukaisha, kisha akaja na karatasi kuwatoa. Mapigano yaliyoanza Djugu mwaka 1999 yalichochewa na ugomvi wa mipaka ya konsesioni kule Walendu Pitsi. Kwa hiyo miaka miwili si jambo dogo la makarani. Watu wamekwisha kufa kwa ajili yake.

Na mjini je? Wanajeshi wa Uganda walipoondoka mapema Mei 2003, Bunia ilipiganiwa mtaa kwa mtaa. Makumi ya maelfu ya wakazi walikimbia, wengine kwa miguu kuelekea Beni, wengine kwa mitumbwi kuvuka Ziwa Albert. Askari wa Ulaya wa operesheni Artemis waliingia Juni wakaondoka Septemba. Nyumba zilizoachwa wazi hazikusubiri wenyewe: nyingine ziling'olewa mabati na milango, nyingine ziliingiwa na watu ambao nao walikuwa wamefukuzwa kwao. Tangu mwisho wa 2017 hadithi imejirudia huko Djugu, na mji umejaa waliohamishwa na vita, huku wengine wakiishia Kyangwali, ng'ambo ya ziwa. Aliye Kyangwali atajuaje kwamba parsele yake imepimwa wiki iliyopita? Wenye ndugu mjini huwaomba waandike ukutani kwa rangi, kwa herufi kubwa za Kifaransa, kwamba nyumba haiuzwi. Maandishi hayo yanatuambia mengi kuhusu imani ya watu kwa ofisi: daftari la ardhi wanalolitegemea ni ukuta wa mbele.

Anayeona haya ni mambo ya Afrika peke yake atazame Kyrenia, kaskazini mwa kisiwa cha Kupro katika bahari ya Mediterania. Ni mji wa kale wa pwani, wenye bandari ndogo chini ya ngome iliyoimarishwa na watu wa Venice katika karne ya 16, mahali ambapo mstaafu wa Ulaya huota kumalizia siku zake. Jeshi la Uturuki lilishuka karibu na hapo tarehe 20 Julai 1974 (mwaka mmoja kamili, kwa bahati tu, baada ya sheria yetu ya ardhi) na Wakupro wenye asili ya Kigiriki wakakimbilia kusini. Watawala wa kaskazini waligawa upya ardhi zao na kutoa hati mpya, na Waingereza wakaja kununua, kwa kuwa bei ilikuwa nafuu. Mwaka 2002 wanandoa wa Kiingereza walinunua kiwanja Lapithos, jirani na Kyrenia, wakajenga nyumba na bwawa la kuogelea. Mwaka uliofuata vizuizi kati ya kaskazini na kusini vilifunguliwa, na mwenye ardhi wa zamani, Apostolides, akafika akaona. Mahakama ya Nicosia, upande wa kusini, iliamuru mwaka 2004 nyumba ibomolewe na fidia ilipwe. Wanandoa walidhani hukumu hiyo haitawagusa, kwa kuwa serikali ya Nicosia haina nguvu kaskazini. Tarehe 28 Aprili 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema nchi nyingine za Umoja wa Ulaya haziwezi kuikataa kwa sababu hiyo, na Januari 2010 Mahakama ya Rufani ya London ikakubali. Deni la Lapithos likaweza kudaiwa juu ya mali yao ya Uingereza. Walikuwa na hati, na walikuwa wamelipa.

Hapo linakuja pingamizi la kwanza, nalo ni zito: mnunuzi ana kosa gani? Ametoa akiba yake, amejenga, watoto wamezaliwa humo. Bunia si Lapithos, na huyo mnunuzi huenda mwenyewe amekimbia kutoka Fataki au Drodro akaiacha nyumba yake. Nakubali kwamba kumtupa nje ni kuongeza mkimbizi mwingine. Lakini tuseme wazi huruma hiyo inamhusu nani. Aliyenunua bila njia ya kujua anastahili kulindwa. Aliyenunua kwa nusu bei, kwa muuzaji aliyejulikana mtaa mzima kuwa aliingia nyumba ikiwa wazi, alijua vya kutosha ili asiulize. Mahakama zinaweza kuwatofautisha watu hawa wawili, mradi kuwe na rekodi ya kwamba swali liliulizwa na jibu likaandikwa. Leo rekodi hiyo haipo, kwa hiyo mwema na mjanja wanalindwa sawasawa.

Pingamizi la pili linasema kufukua mambo ya 2003 ni kuwasha tena moto wa makabila. Wanaosema hivyo wana Rwanda ya kutolea mfano: itifaki ya Arusha ya Juni 1993 ilipendekeza kwamba wakimbizi waliotoka zaidi ya miaka 10 nyuma wasidai tena mali zao kama zimekaliwa na wengine, bali dola iwape ardhi nyingine. Burundi nayo, kwa wakimbizi wa 1972, kwanza ilielekea kugawanya ardhi kati ya aliyerudi na aliyekuwapo. Tume yake ya ardhi ilipogeuka kutaka mwenye asili arudishiwe yote, sehemu za Makamba zilitokota. Uganda ilichukua njia ya kinyume: sheria ya 1982 ilifuta mauzo ya mali za Waasia waliofukuzwa na Amin mwaka 1972 na kuwafungulia wenyewe mlango wa kuzidai. Hata kuhusu Kupro, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg ilisema Machi 2010 kwamba baada ya miongo mitatu na zaidi kurudishiwa nyumba hakuwezi kuwa jibu pekee. Fidia au kubadilishana vinatosha. Majibu yanapishana, lakini kote huko, liwe bunge, tume au mkataba, aliyeondoka alitajwa na akatafutiwa jibu. Kwetu anajibiwa na kalenda. Nayo Kongo ni mwanachama wa mkutano wa nchi za Maziwa Makuu, ambao mkataba wake wa 2006 una itifaki nzima juu ya mali za wanaorejea makwao.

Kuiondolea ile miaka miwili makali yake ni kazi ya bunge, na Kinshasa haina haraka. Lakini kulifanya lile swali liulizwe, kwa kutangaza mauzo, hakuhitaji kusubiri. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya gavana wa kijeshi ambaye huandika maagizo kila wiki. Moja zaidi lingetosha: kabla faili haijafika kwa konservateri, parsele itangazwe kwa miezi 3 kwenye ubao wa komuni, Mbunya, Nyakasanza au Shari, na isomwe Radio Candip kwa Kiswahili na kwa lugha za huku, ikitaja mtaa, majirani wa pande nne na aliyekaa humo kabla ya Mei 2003. Ndugu mmoja mjini akisikia, simu itavuka ziwa siku hiyo hiyo. Makomisioneri watanung'unika kwamba wateja watakimbilia mauzo ya chini kwa chini, na baadhi watafanya hivyo kweli. Lakini atakayefanya hivyo hatakuwa na tangazo, na asiye na tangazo asipewe sertifika wala asije kudai siku ya kesi kwamba hakujua. Gharama ya kusomewa redioni ailipe muuzaji, kwa kuwa ndiye anayepokea dola.